Faili la mfumo hutoka ghalani mwake: jibu kwa karani wa Tandahimba

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni karani wa AMCOS moja, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, huku Tandahimba. Tuna kompyuta tatu za ofisi, na ile kubwa, ya mezani, ni ya Windows 10, ina miaka saba. Wiki mbili zilizopita umeme ulikatika ikiwa inajisasisha. Ilipowaka, programu ya mahesabu ikagoma, ikadai faili la MSVCP140.dll halipo. Kijana mmoja fundi akalishusha mtandaoni, akalibandika kwenye System32, ile folda ya mafaili ya Windows, tukafanya kazi siku tatu. Sasa haiwaki kabisa. Inazunguka tu kwenye kujitengeneza yenyewe, na ndani nasikia mlio wa tik, tik. Fundi anataka kupiga Windows upya, na daftari la wakulima limo humo. Nilisoma kwamba Windows hulinda mafaili yake na kuyarudisha yakiharibika. Mbona yetu haikujilinda? Na ile folda ya WinSxS inayokula diski, niifute?

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Kabla sijajibu lolote, izime hiyo mashine, chomoa waya ukutani, na umwombe fundi asubiri. Huo mlio wa tik, tik umeuandika mwishomwisho kama jambo dogo, lakini kwangu ndio umebeba habari yote. Diski ya kuzunguka hutoa mlio wa namna hiyo kichwa cha kusomea kinaposhindwa kusoma sehemu fulani, kikarudi mwanzo na kujaribu tena, na tena. Kila dakika inayowaka inakula uhai uliobaki. Ukipiga Windows juu ya diski hiyo, unamwaga gigabaiti zaidi ya kumi za maandishi mapya mahali palipolala majina na kilo za wakulima wenu. Nitakueleza cha kufanya, lakini kwanza nijibu ulichouliza, kwa sababu ukikielewa hutamruhusu tena mtu akubandikie faili la mtaani.

Windows yako ilijilinda. Ila ulinzi uliousoma umetengenezwa kuzuia mkono wa mtu na programu zisizo na adabu. Kilichowaumiza ninyi ni umeme na chuma kilichochoka.

Enzi za Windows 95 na 98, programu yoyote uliyoiingiza iliweza kufuta faili la mfumo na kuweka la kwake. Leo unaweka mchezo wa karata, kesho printa haichapi, na hakuna anayejua kwa nini. Windows 2000 ikaja na mlinzi: ilikuwa na folda iliyofichwa iitwayo dllcache, na faili linalolindwa likibadilishwa, mfumo unalirudisha kimyakimya kutoka humo. Vista, iliyoingia madukani Januari 2007, ikageuza utaratibu. Badala ya kungoja uharibifu ndipo irekebishe, ikazuia usitokee. Mafaili ya mfumo yakapewa mmiliki anayeitwa TrustedInstaller. Hata ukiingia kama msimamizi wa kompyuta, wewe si mwenye mali: unaruhusiwa kuyasoma na kuyaendesha, kuyaandika hapana. Watu wengi wakiambiwa waombe ruhusa kwa huyo TrustedInstaller hudhani ni kirusi. Huyo ndiye mtunza ghala.

Ghala kwako si neno geni, kwa hiyo nitaeleza kwa lugha ya kazini kwenu. Korosho ya mkulima ikifika inapimwa, inapangwa daraja, inapelekwa ghala kuu, na stakabadhi inaandikwa. Gunia lililokuja bila karatasi, hata likiwa na korosho nyeupe ya kupendeza, haliendi mnadani, maana hakuna anayejua limetoka shamba gani wala nani amelishika njiani. Windows ina ghala la namna hiyo hiyo, nalo ni hiyo WinSxS unayotaka kuifuta. Kila faili la mfumo lina stakabadhi yake humo: jina, toleo, na alama inayokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo kwa hesabu iitwayo SHA-256. Badilisha baiti moja tu, alama inatoka nyingine kabisa. Orodha ya stakabadhi zenyewe ina saini ya kidijitali ya Microsoft, ili asije mtu akaandika karatasi za kughushi.

Ukiita amri ya sfc /scannow, Windows inapita faili moja baada ya jingine, inakokotoa alama upya na kuilinganisha na stakabadhi. Lisilolingana linaondolewa, na nakala safi inachukuliwa ghalani. Shika neno "ukiita". Tangu Vista, urudishaji haujifanyi papo hapo kama ilivyokuwa kwenye Windows 2000. Faili likiharibika usiku, asubuhi litabaki limeharibika mpaka mtu aagize ukaguzi.

Sasa lile faili la fundi. MSVCP140.dll halimo kwenye ghala la Windows. Ni la kifurushi cha Visual C++, ambacho programu nyingi, ikiwemo hiyo yenu ya mahesabu, hukitegemea. Kwa kuwa si la mfumo, sfc haina stakabadhi yake na haiwezi kulirudisha. Na kuongeza faili jipya ndani ya System32 ni jambo ambalo msimamizi anaruhusiwa, kwa hiyo mtunza ghala hakuwa na la kusema. Tiba ya kosa lile ilikuwa kuweka upya kifurushi chote cha Visual C++ kutoka kwa Microsoft wenyewe, bure, kazi ya dakika tano. Yule kijana aliingiza gunia lisilo na karatasi. Hizo tovuti zinazogawa mafaili ya DLL, yaani vipande vya programu vinavyotumiwa na programu nyingine, moja moja huzijui zimeyatoa wapi, toleo lake huna hakika nalo, na aliyelishika katikati humfahamu. Hili linaniuma kwa sababu naliona kila mwezi: vijana wenye akili na mikono myepesi, wanaofundishana njia mbaya kwa sababu inafanya kazi siku tatu.

Na kuna baya kuliko hilo. Wapo wanaotumia amri za takeown na icacls kumnyang'anya TrustedInstaller umiliki ili wabandike faili juu ya la mfumo. Programu za kuchakachua leseni za Windows nazo zipo zinazogusa mafaili ya huduma ya leseni kwa mtindo huo huo. Mlango ukishavunjwa hivyo, kila kitakachopita baadaye kitapita bila kuulizwa.

Hata hivyo simlaumu kijana wako kwa mashine kutowaka. Kwa maoni yangu, kupotea kwa lile faili kulikuwa dalili ya kwanza ya ugonjwa ambao tayari ulikuwapo.

Niliwahi kuletewa mashine ya duka la steshenari kutoka Nachingwea, yenye hadithi inayofanana na yako: umeme, sasisho, kisha programu moja ikagoma. Nililitazama faili lililolalamikiwa. Jina sahihi, tarehe sahihi, ukubwa sahihi, kilobaiti mia sita na kitu. Nikalifungua kwa programu inayoonyesha baiti zilivyo. Mstari wa kwanza sifuri, wa pili sifuri, nikashuka mpaka mwisho: sifuri tupu. Gunia limeshonwa vizuri, lina namba yake, ndani hamna hata korosho moja. Sababu yake ni hii. Mfumo wa kupanga mafaili wa Windows, NTFS, huweka kumbukumbu ya hatua zake ili umeme ukikatika uweze kujipanga upya. Lakini kumbukumbu hiyo ni ya majina, ukubwa na mahali faili lilipo. Yaliyomo ndani ya faili hayamo. Umeme ukiondoka baada ya jina kuandikwa na kabla ya yaliyomo kufika kwenye diski, unabaki na ganda.

Kwenye mashine ile niliita sfc, ikajibu kwamba imekuta mafaili mabovu lakini baadhi imeshindwa kuyatengeneza. Mwenye duka akauliza, si ulisema kuna ghala? Jibu lake ndilo linalowachanganya hata mafundi wazoefu. Faili lililo System32 na lile lililo WinSxS kwa kawaida si nakala mbili. Ni faili moja lenye majina mawili, kama mtu mmoja anayeitwa jina la shuleni na jina la nyumbani. Baiti ziko mahali pamoja kwenye diski. Mahali hapo pakiharibika, majina yote mawili yanaelekea kwenye uharibifu ule ule, na sfc inakwenda ghalani kukuta gunia ni lile lile bovu.

Hapo ndipo inapoingia amri ya pili, DISM, ambayo kazi yake ni kulijaza upya ghala lenyewe kutoka nje: DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth. Kwa kawaida huchukua mafaili kutoka Windows Update, kwa hiyo bando liwepo. Kama mtandao ni wa kusuasua, unaielekeza kwenye flashi yenye Windows ya toleo lile lile, kwenye faili la install.wim au install.esd lililo ndani ya folda ya sources. Toleo likitofautiana, itakataa, na ina haki. Usiikatize ikionekana imesimama. Ile ya Nachingwea ilikaa kwenye asilimia 62.3 muda mrefu mpaka mwenye mali akaanza kuniangalia vibaya, kisha ikakimbia mpaka mia. Baada ya DISM ndipo nikaita sfc tena, na safari hii ikatengeneza yote. Ndiyo sababu nasema ghala kwanza kwa DISM, mafaili yanayotumika baadaye kwa sfc. Wanaoanza na sfc wakikwama, huishia kukata tamaa na kufomati.

Kuhusu mashine yako: hizo amri usizipige. Diski inayolia haitengenezwi, inaokolewa. Hata chkdsk /r, amri ya kukagua diski ambayo kila mtu ataitaja, iache, maana inasoma diski nzima sekta kwa sekta, na diski mgonjwa inaweza kufia humo humo. Mwambie fundi aifungue mashine, aitoe diski, aiunganishe kwenye kompyuta nyingine kwa waya wa kugeuza SATA, yaani tundu la diski, kuwa USB. Achukue daftari la wakulima kwanza, peke yake, kabla ya picha na mengine yote. Angalieni vizuri lilipo. Programu nyingi za mahesabu haziweki data kwenye Documents. Huificha ndani ya C:\ProgramData au ndani ya folda ya programu yenyewe, na aliyewauzia programu atawaambia ni wapi.

Waya huo ukikosekana, ipo njia nyingine. Washeni mashine kwa flashi ya kuwekea Windows, na skrini ya kwanza ikitokea chagueni Repair your computer badala ya kuweka, kisha Troubleshoot, kisha Command Prompt. Andika notepad, bonyeza Enter. Ndani ya hiyo notepad nenda File, kisha Open, na chini pale badilisha ili ionyeshe mafaili ya aina zote. Hilo dirisha dogo la kufungulia faili linakuonyesha diski zote, na unaweza kubofya kulia kwenye folda, ukainakili, ukaibandika kwenye flashi nyingine. Usishtuke ukikuta Windows yako imeitwa D badala ya C. Humo ndani herufi hubadilika. Mashine ikiomba ufunguo wa tarakimu 48, diski imefungwa kwa BitLocker, na ufunguo mara nyingi uko kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuiwasha mara ya kwanza.

Daftari likishakuwa salama mahali pawili, fundi ana ruhusa yangu ya kupiga Windows, ila kwenye diski mpya. Nunueni SSD, yaani diski isiyo na sehemu zinazozunguka. Ya zamani iandikeni kwa kalamu nene kwamba ni mbovu na muifungie kabatini, isije ikapigwa upya na kuuzwa kwa mwenzenu.

Zile kompyuta mbili nyingine ni nzima, nazo zitakatikiwa umeme siku moja. Ikitokea moja haiwaki baada ya sasisho kukatizwa, na diski yake haina mlio wala kusuasua kwa ajabu, ingia kwenye ile Command Prompt ya matengenezo. Kama Windows iko D, andika dism /image:D:\ /cleanup-image /revertpendingactions. Amri hiyo inaiambia Windows iachane na sasisho lililoishia njiani na kurudi ilikokuwa. Ikigoma, jaribu sfc ya nje: sfc /scannow /offbootdir=D:\ /offwindir=D:\Windows. Mara nyingi hizo mbili zinatosha.

Mtandaoni utakuta pia ushauri wa kunakili mafaili kutoka folda ya RegBack ili kurudisha registri, yaani lile daftari kuu la mipangilio ya Windows. Usiufuate. Ulikuwa ushauri mzuri zamani, lakini tangu toleo la 1803 la Windows 10, la mwaka 2018, Windows haiweki tena nakala humo. Unakuta mafaili yana majina kamili na ukubwa wa sifuri. Ukiyanakili juu ya registri hai, umeifuta kwa mkono wako, na hapo hata mimi nitakuwa na kazi ngumu.

Badala yake, leo hii, kwenye hizo mbili, tafuta mahali pa kuwasha System Restore kwa diski ya C. Kwenye Windows 10 na 11 mara nyingi huja imezimwa. Ikiwa imewashwa, hupiga picha ya mafaili ya mfumo na registri kabla ya mabadiliko makubwa, na unaweza kurudi kwenye picha hiyo bila kuguswa kwa nyaraka zako. Lakini nielewe hapo: haziguswi kwa maana zote mbili. Nyaraka haziharibiwi na urejeshaji huo, na wala hazirudishwi nao. TrustedInstaller, WinSxS, sfc, vyote vinalinda mali ya Windows. Daftari la wakulima si mali ya Windows. Kirusi cha kufunga mafaili kwa fidia kinaweza kulifunga daftari lako lote bila kugusa faili hata moja la mfumo, na sfc itajibu kwamba kila kitu kiko salama, nayo itakuwa inasema kweli. Msimu ukianza, nakala ya kila jioni kwenye flashi inayochomolewa na kwenda nyumbani na katibu ni lazima kama mizani ilivyo lazima.

Pia mlango wa Windows haumzuii uliyemkaribisha mwenyewe. Tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilisambaza faili moja lenye kasoro, likasomwa na draiva yake (programu ndogo inayofanya kazi karibu na mfumo wenyewe) iliyokuwa na ruhusa ya kukaa kwenye kiini cha mfumo, na mashine zipatazo milioni 8.5 zikaanguka. Stakabadhi za Windows zilikuwa sawasawa zote. Mafundi walilazimika kwenda mashine kwa mashine na kulifuta faili hilo kwa mkono, wakipitia skrini ile ile ya matengenezo niliyokueleza. Kwa hiyo kila antivairasi na kila draiva ya printa unayoiingiza, ichague kama unavyochagua mtu wa kumpa funguo za ofisi.

Kama una simu ya Android mfukoni, unaye jirani aliyekwenda mbali zaidi. Kwenye simu, sehemu ya mfumo haiandikwi kabisa wakati simu inatumika, na kila kipande kinachosomwa hukaguliwa alama yake papo hapo. Kuanzia Android 7, ya mwaka 2016, simu zinaweza kuwa na vyumba viwili vya mfumo: sasisho linawekwa kwenye chumba kisichotumika huku wewe ukiendelea kupiga simu, na likishindwa kuwaka, simu inarudi chumba cha zamani. Apple nao tangu Big Sur ya mwaka 2020 wanaupiga mhuri mfumo wote wa Mac. Nikiangalia umeme wa kwetu unavyokatika, ule mpango wa vyumba viwili ndio ninaoutamani kwenye kompyuta za ofisi zetu. Kwa sasa, nunueni UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshika umeme ukikatika, hata ndogo, na masasisho yafanyeni mchana mkiwepo.

Sasa WinSxS. Usiifute, na usimruhusu mtu aifute, maana utakuwa umechoma ghala na stakabadhi zake. Ule ukubwa unaouona una udanganyifu ndani yake: kwa kuwa faili moja lina majina mawili, Windows Explorer inalihesabu kwenye WinSxS na tena kwenye System32. Ukitaka ukubwa wa kweli, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika Dism /Online /Cleanup-Image /AnalyzeComponentStore, na usome mstari unaotaja ukubwa halisi. Ikikushauri usafishe, rudia amri hiyo ukiweka /StartComponentCleanup mwishoni badala ya /AnalyzeComponentStore, nayo itatoa matoleo ya zamani yasiyohitajika tena. Wengine watakuambia uongeze /ResetBase ili upate nafasi zaidi. Kwenye mashine za ofisi usiongeze, kwa sababu ukishaipiga hutaweza tena kuondoa sasisho lililokwisha kuwekwa, na ninyi mmeshaona sasisho moja linavyoweza kuwaweka nje ya kazi.